Blaindi zinazojiendesha: Anza na dirisha moja, tena kwa kugeuza vibao tu

KWA wakazi wengi wa Dar es Salaam waishio katika nyumba za ghorofa, saa ngumu kuliko zote nyumbani ni zile za alasiri, pale jua linapoteremka na kuingia moja kwa moja kupitia dirisha la magharibi. Hujipenyeza kuanzia saa 9, wakati mwenye nyumba yuko kazini au amekwama katika foleni, na anaporejea saa 12 jioni hukuta sebule imekuwa tanuri. Hapo hukimbilia rimoti ya kiyoyozi, au feni kwa asiye na kiyoyozi, na uniti za LUKU huanza kuteketea.

Kinachosikitisha ni kwamba nyumba nyingi za namna hiyo tayari zina kinga. Dirishani kuna blaindi, ama zile za kitambaa kinachoviringishwa kwenye bomba, ama zile za vibao vyembamba vya aluminiamu au plastiki. Zimeachwa wazi tangu asubuhi kwa sababu hakuna mtu wa kuzifunga.

Tatizo hilo haliko Dar es Salaam peke yake. Wizara ya Nishati ya Marekani, katika maelezo yake kwa wananchi kuhusu mapazia na blaindi, inasema takriban asilimia 75 ya vifuniko vya madirisha katika makazi hubaki katika hali ile ile kila siku. Wizara hiyo hiyo inaeleza kuwa blaindi zenye uwezo mkubwa wa kurudisha mwanga, zikifungwa kabisa katika dirisha linalopigwa na jua, huweza kupunguza joto linaloingia kwa karibu asilimia 45. Ukiziweka takwimu hizo mbili pamoja, utaona kwamba blaindi tunazo, ila tunakosa mkono wa kuzifunga kwa wakati.

Mkono huo siku hizi waweza kuwa mota ndogo inayoongozwa na saa. Makala haya yanaeleza namna mkazi wa kawaida, akishirikiana na fundi redio wa mtaani kwake, anavyoweza kuifunga mota hiyo bila kubadilisha blaindi alizonazo na bila kuagiza mfumo mzima kutoka ng'ambo. Yanaeleza pia mahali ambapo kubana matumizi hakufai hata kidogo, kwa kuwa kamba na cheni za blaindi zimekwisha kuua watoto, na mota iliyofungwa vibaya yaweza kuiongeza hatari hiyo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Kampuni ya Somfy ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1969 katika mji wa Cluses, ilijenga jina lake kwa mota zinazofichwa ndani ya bomba la pazia, na kwa miaka mingi vifaa vya aina hiyo vilikuwa vya hoteli, maofisi na majumba ya wenye nazo. Mwaka 2019 IKEA iliingiza sokoni blaindi zake za betri zilizopewa jina la FYRTUR, zikiwalenga wanunuzi wa kawaida wa Ulaya na Marekani. Hata hizo ziligharimu zaidi ya dola 100 za Marekani kila moja, tena kwa vipimo maalumu visivyolingana na kila dirisha.

Unafuu wa kweli ulitokea kwingine. Mwaka 2005, katika taasisi ya usanifu mjini Ivrea nchini Italia, ilibuniwa bodi ya Arduino iliyokusudiwa wanafunzi wasio wahandisi. Mwaka 2014 ikaja ESP8266 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, chipu inayoweza kuunganika na mtandao usiotumia waya, na bodi zilizojengwa juu yake zikawa zinauzwa kwa dola chache tu. Bodi hizo huchomekwa waya ule ule wa chaja ya simu. Leo ubongo wa kuendesha blaindi ni sehemu ndogo ya gharama. Fedha nyingi huishia kwenye mota, vishikizo na muda wa fundi.

Hata hivyo, kabla ya kufikiria mota yafaa kulifikiria jua lenyewe. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Adhuhuri ya mwezi Juni jua huwa upande wa kaskazini na Desemba huwa upande wa kusini, lakini katika vipindi vyote viwili huwa juu sana, halipungui digrii 59 hivi kutoka upeo wa macho. Jua la namna hiyo hukingwa kwa urahisi na ukingo wa paa au kibaraza cha ghorofa ya juu. La magharibi ni habari nyingine. Ifikapo saa 10 jioni huwa limeshuka chini ya digrii 40, hupita chini ya vibaraza, na huendelea kukipiga kioo uso kwa uso hadi linapozama kati ya saa 12 na saa 1. Hali hiyo huyapata pia madirisha ya mashariki asubuhi, ingawa wakati huo nyumba huwa bado imepoa na madhara yake ni madogo.

Maana yake ni kwamba mwenye madirisha 8 hahitaji mota 8. Anahitaji moja au mbili, kwa madirisha ya magharibi ya vyumba ambamo watu hukaa jioni. Mwandishi wa makala haya anaamini kuwa shauri hili moja huokoa fedha kuliko ujanja wowote wa vifaa.

Fikiria ukubwa wa joto lenyewe. Dirisha la kioo cheupe lenye mita za mraba 2, likitazamana na jua la alasiri lisilo na wingu, laweza kuingiza joto la karibu wati 1,000. Ni sawa na kuacha pasi ya nguo ikiwaka sebuleni kwa saa 2 au 3. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba, kile cha BTU 12,000, hutumia karibu uniti moja ya umeme kwa kila saa kinapofanya kazi kwa nguvu zote. Bodi ya ESP8266 iliyochomekwa usiku na mchana haimalizi uniti moja kwa mwezi mzima.

Ieleweke pia kwamba blaindi iliyo ndani hupambana na joto lililokwisha kuvuka kioo. Mti, kibaraza au turubai la nje hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, maana hulizuia jua kabla halijakifikia kioo. Lakini mpangaji wa ghorofa ya nne hana pa kupanda mti, wala wenye jengo hawatamruhusu kutundika turubai ukutani. Kwake yeye la kuhakikisha ni kwamba upande wa blaindi unaotazama nje ni mweupe au wa kung'aa, ili mwanga urudi ulikotoka.

Sasa, blaindi huweza kuendeshwa kwa namna mbili: kunyanyua na kushusha pazia zima, au kugeuza vibao vyake tu. Matangazo ya biashara hupenda namna ya kwanza, maana inapendeza machoni. Kwa nyumba ya pwani, ya pili ni bora zaidi na ni rahisi kwa kiasi kikubwa. Pazia la kitambaa likishushwa huziba upepo wa bahari pamoja na jua, na nyumba isiyo na kiyoyozi hubaki na giza lenye mvuke. Vibao vikiinamishwa, ncha za nje zikiwa chini, hulizuia jua lililo juu na kuuacha upepo upite katikati.

Tofauti ya nguvu inayohitajika nayo ni kubwa. Kunyanyua ni kushindana na uzito wa pazia zima, ilhali kugeuza vibao ni kuzungusha fimbo nyembamba iliyomo ndani ya reli ya juu, fimbo ambayo kiwandani tayari imewekewa gia ili hata bibi mwenye mikono dhaifu aweze kuigeuza kwa kijiti kinachoning'inia pembeni.

Kijiti hicho ndicho mahali pa kuanzia. Huchomolewa kwa urahisi, na katika ndoana yake hufungwa mota ndogo badala ya vidole vya mtu. Pale ambapo reli ni pana, kama zile za blaindi za vibao vya mbao, mota yaweza kufichwa ndani yake na kushikamana moja kwa moja na fimbo.

Mota inayotumiwa sana na wanaojifunza kazi hii ni ile ijulikanayo kama 28BYJ-48, ambayo hutumia volti 5 na huuzwa pamoja na kibodi chake cha kuiendesha. Mafundi huiita mota ya hatua, kwa sababu haizunguki kiholela. Husogea hatua moja moja, na mzunguko mmoja kamili hutimia kwa hatua 2,048 hivi. Programu huhesabu hatua hizo, kwa hiyo hujua vibao vimeinama kiasi gani bila kuhitaji kifaa kingine cha kupima.

Wako wanaopendelea sevo, mota zinazotumika katika ndege na magari ya kuchezea. Sevo ndogo ya SG90 hugeuka digrii 180 tu, na kwa bahati njema ndicho kiasi ambacho fimbo ya vibao huhitaji pale inaposhikwa moja kwa moja. Ila gia zake ni za plastiki, na huvuma kila inapojaribu kushikilia mahali pake. Usiku wa manane sauti hiyo hukera kuliko mbu. Anayeitumia na ahakikishe programu inaukata umeme wake mara kazi inapokwisha.

Kwa dirisha moja la vibao, bodi, mota, saa na chaja ya simu kwa kawaida havizidi dola 20 vikiagizwa kwa njia ya mtandao, bila kuhesabu usafirishaji na ushuru. Katika maduka ya vifaa vya elektroniki ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, au ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, mnunuzi atalipa zaidi kidogo, lakini ataondoka na kitu mkononi na atajua pa kukirudisha kikiwa kibovu.

Kwa mwenye blaindi za kitambaa, hesabu ni lazima ifanyike kabla ya kwenda dukani. Chukua pazia la upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 1.5. Kitambaa kizito cha kuzuia mwanga, pamoja na chuma cha chini kinachokinyoosha, chaweza kufikia kilo 1. Bomba lenye kipenyo cha milimita 38 lina nusu kipenyo cha sentimita 1.9. Zidisha uzito kwa nusu kipenyo, utapata karibu 2, katika kipimo ambacho wauzaji wa mota hukiita kilo-sentimita. Kumbuka msuguano wa breki na wa cheni iliyochakaa, kisha uzidishe mara mbili kwa usalama. Utahitaji mota ya kilo-sentimita 4 au 5. Ile 28BYJ-48 hutoa karibu 0.3 tu. Itavuma pasipo kunyanyua kitu, na mnunuzi atadhani ameuziwa mota mbovu.

Kinachofaa hapo ni mota ya volti 12 yenye gia, inayozunguka mara 30 hivi kwa dakika. Kitambaa cha mita 1.5 hujiviringisha kwenye bomba hilo kwa mizunguko isiyozidi 13, hivyo ikiwa gurudumu la mota lina ukubwa sawa na lile la blaindi, kazi nzima huisha katika nusu dakika.

Mota hiyo hufungwa ukutani na kuivuta cheni ile ile ivutwayo kwa mkono. Tatizo ni gurudumu lake. Cheni nyingi za blaindi zina shanga za milimita 4.5, na kutoka kitovu cha shanga moja hadi cha nyingine ni milimita 6. Gurudumu lililochongwa kwa kukisia huruka shanga, kisha pazia husimama mshazari. Badala ya kuhangaika kuchonga, muulize fundi wa mapazia kichwa cha akiba cha blaindi ya aina hiyo hiyo. Ndani yake mna gurudumu lililokwisha kupimwa kiwandani.

Ndani ya kichwa hicho mna pia breki ya springi, ambayo hulishika pazia lisiteremke lenyewe. Hii ni bahati kwa anayebana matumizi, maana mota ikishamaliza kuvuta yaweza kuzimwa kabisa na pazia likabaki palepale. Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Mota zenye gia ya mfano wa skrubu hujifunga zikizimwa, na cheni iliyozishikilia haivutiki kwa mkono. Umeme ukikatika, blaindi imekwama. Mota zenye gia za kawaida za meno huzunguka zinaposukumwa, japo kwa uzito. Vyovyote iwavyo, kishikizo cha mota kitengenezwe ili cheni iweze kuondolewa kwenye gurudumu bila bisibisi.

Mota ya aina hii haina habari imefika wapi. Wapo wanaoiacha iende kwa sekunde kadhaa kisha isimame, lakini kasi yake hubadilika kadiri umeme na uzito wa pazia unavyobadilika, na baada ya wiki mbili pazia linasimama shubiri moja juu ya mahali pake. Sumaku ndogo kwenye chuma cha chini, pamoja na swichi mbili za sumaku kwenye fremu, moja juu na moja chini, humaliza matatizo hayo kwa gharama ndogo sana.

Tufike sasa kwenye jambo zito. Kwa mujibu wa tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa, kwa wastani watoto 9 hivi wenye umri usiozidi miaka 5 hufariki kila mwaka nchini humo kwa kunyongwa na kamba za mapazia na blaindi. Mtoto hupanda kitanda au kochi lililo karibu na dirisha, kitanzi kikamwingia shingoni, na hawezi kupiga kelele. Kutokana na vifo hivyo, tangu Desemba 2018 viwango vya Marekani vinataka blaindi zinazouzwa tayari madukani ziwe hazina kamba, au kamba zake zisifikiwe na mtoto. Uingereza nayo inataka cheni zisiwe chini ya mita 1.5 kutoka sakafuni. Huku kwetu cheni ndefu inayoning'inia hadi karibu na kochi ni jambo la kawaida, na ni nadra kusikia fundi akimwonya mteja.

Mota iliyofungwa vema huondoa hatari hiyo. Cheni hufupishwa, kitanzi chake chote hukaa juu ya mita 1.5 kikiwa kimekazwa kati ya kichwa cha blaindi na gurudumu la mota, wala hakuna kinachoning'inia. Kwa familia yenye mtoto mdogo, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kufanya kazi hii, hata kama joto haliwasumbui.

Ikifungwa vibaya, mambo ni kinyume. Katika gereji za Gerezani na kwingineko hupatikana mota kuukuu za vioo vya gari, na wako mafundi wanaozipenda kwa sababu ni imara na zina nguvu. Nguvu hiyo ndiyo kasoro yake. Kwenye gurudumu dogo la cheni, mota ya kioo cha gari yaweza kuvuta kwa uzito wa kilo 15 au zaidi, nayo haitambui kama inavuta kitambaa au shingo ya mtoto. Mota ya kilo-sentimita 5 iliyotajwa hapo juu huvuta kwa kilo 2 na nusu tu.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi: mtu mzima aishike cheni kwa vidole wakati mota ikienda. Isiposimama, ina nguvu kupita kiasi na irudishwe ilikotoka. Aidha, programu iamriwe kuuzima umeme wa mota baada ya sekunde 40, pazia liwe limefika au halijafika. Na kitanda cha mtoto kisikae chini ya dirisha, blaindi iwe ya mota au ya mkono.

Usalama wa umeme una kanuni moja isiyo na mjadala. Volti 230 za ukutani zisifike dirishani, mahali ambapo mvua ya masika hurushwa ndani na upepo. Chaja au adapta ibaki kwenye soketi, na kinachopanda kuelekea dirishani kiwe waya wa volti 5 au 12 tu. Mota nayo isichukue umeme wake kutoka kwenye pini za bodi. Pini hizo ni za kutoa amri, na wengi wanaoanza huziunguza siku ya kwanza. Kati ya bodi na mota lazima pawe na kibodi cha kuendeshea mota, chenye daiodi za kuzuia umeme unaorudi pale mota inapozimwa.

Wapo wanaotaka kuongeza betri kwa sababu ya kukatika kwa umeme. Si vibaya, lakini betri za lithiamu hazipendi joto. Hazifai kuchajiwa penye zaidi ya digrii 45 za Selsiasi, na nafasi iliyo kati ya kioo na pazia alasiri huweza kufika huko bila taabu. Betri na ikae chini, kivulini. Vilevile betri za akiba za simu hujizima zenyewe zikiona umeme unaotumika ni mdogo mno, na bodi hizi hutumia kidogo sana. Mtu huweza kuichaji betri yake ikajaa, kisha akakuta mfumo umelala tangu jana. Kwa maoni yetu, mradi cheni huondoleka na kijiti hurudishika, betri si ya lazima.

Kwa waishio karibu na bahari, Masaki, Kunduchi, Kigamboni au Zanzibar, chumvi ya hewani huila cheni ya chuma na miguu ya swichi katika muda mfupi. Cheni ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu, na grisi kidogo kwenye viungo vya waya, vitasaidia.

Umebaki ubongo, na hapa waishio karibu na ikweta wana nafuu ambayo vitabu vya Ulaya havina sababu ya kuitaja. Jijini London jua huzama kabla ya saa 10 jioni mwezi Desemba, na baada ya saa 3 usiku mwezi Juni, kwa hiyo mifumo ya huko hulazimika kukokotoa mwendo wa jua kila siku. Dar es Salaam tofauti ya mwaka mzima haifiki saa moja. Ratiba ya kudumu inatosha: saa 9 alasiri vibao viiname nusu, upepo ukiendelea kupita, saa 11 jioni, jua linapokuwa usawa wa macho, vifungwe kabisa, saa 1 usiku vifunguliwe ili nyumba ipumue, au viachwe vimefungwa kwa wenye majirani wa kutazamana.

Ratiba huhitaji saa ya kuaminika. ESP8266 husahau saa umeme unapokatika na huiuliza upya kutoka kwenye intaneti. Bando likiwa limekwisha, haina wa kumuuliza. Kipande kidogo cha saa aina ya DS3231, chenye betri yake bapa kama ya saa ya mkononi, huendelea kuhesabu muda hata giza likiwa nchi nzima.

Kihisi cha mwanga chaweza kuongezwa ili siku ya mawingu blaindi zisifungwe bure. Kiagizwe kungoja dakika 10 kabla ya kutoa uamuzi, la sivyo kila wingu linalopita litazifunga na kuzifungua, na mota haitamaliza mwaka.

Kuhusu simu, bodi yenyewe ina uwezo wa kutoa ukurasa mdogo wenye vitufe, unaosomeka kwa simu yoyote iliyo ndani ya mtandao wa nyumbani, bila kugusa intaneti. Wanaotaka zaidi wanaweza kutumia Home Assistant, programu ya bure iliyoanza mwaka 2013, inayowekwa kwenye kompyuta ya zamani na kuunganisha vifaa vingi vya nyumba. La kuepuka ni kuufungulia mlango mfumo huo ili uonekane duniani kote, au kuacha neno la siri la kiwandani. Anayeona blaindi zako zinavyokwenda anajua pia siku usizokuwepo nyumbani.

Wala simu si lazima. Kwa mzee mwenye baridi yabisi, au mtu atumiaye kiti cha magurudumu, kitufe kimoja kikubwa ukutani, kwenye kimo cha mkono wake, kina maana kuliko simu ya bei mbaya. Kwao kufungua dirisha asubuhi bila kumwita mtu ni jambo la heshima, na waya wa kitufe hicho ni wa bei ya soda.

Mpangaji, mwisho, akumbuke kusoma mkataba wake kabla ya kutoboa ukuta. Mota ya vibao haihitaji tundu lolote, kwani hukaa juu ya reli kwa gundi ya pande mbili au kwa vibano vya plastiki. Ile ya cheni huhitaji skrubu mbili, na kwa kuwa huvuta kila siku, gundi haitaistahimili. Mwenye nyumba akikataa skrubu, ni heri kubadilisha blaindi ya dirisha hilo moja na kuweka ya vibao. Kijiti cha zamani kihifadhiwe kabatini, ili siku ya kuhama mota ichomolewe, kijiti kirudishwe, na mfumo mzima uondoke ndani ya mfuko wa sokoni.